Karai Lililohamishwa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeigusa: kuosha karai la maji ya kuku. Alilisugua kwa mchanga na majani makavu, akalisuuza bombani, akalijaza, kisha akaliweka kando ya banda, chini ya paa la bati. Shangazi yake, akiwa jikoni, huuliza bila kugeuka, "Karai?" Naye hujibu, "Tayari." Hapo ndipo chai humiminwa.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alisema mtoto huyo huongea hata usingizini, na mara nyingine hujijibu mwenyewe.

Kuku walikuwa wa Shangazi. Aliwalea tangu wakiwa vifaranga, ndani ya boksi kando ya kitanda chake, baridi ilipokuwa kali. Alikuwa akiamka kubadilisha chupa ya maji moto ili wasigande. Sasa walikuwa matetea waliokomaa, kila mmoja na tabia yake. Mmoja alikuwa mweupe, anatembea taratibu kama mtu anayeogopa kuchafua gauni, kwa hiyo walimwita Bibi Harusi. Huyo alikuwa na mazoea ya kuja kukaa mapajani mwa Chiriku bila kuitwa.

Baridi ilipokwisha, miti ilichipua. Mti pekee wa uani ulivaa majani mapya, na ndege wa porini wakarudi: shorewanda, hua, na mbayuwayu wenye mikia iliyoachana kama mkasi. Chiriku aliwaita wageni. Mbayuwayu wawili walianza kujenga kiota chini ya ukingo wa paa, juu kidogo ya dirisha lake. Huenda, hurudi na tone la tope mdomoni, hulibandika, huenda tena. Ilikuwa kama kutazama waashi wawili wasiogombana.

Ila tope walilifuata mbali, na wakati mwingine walikawia sana hata Chiriku akadhani wamekata tamaa. Ndipo alipopata wazo. Alilihamisha karai la kuku kutoka chini ya paa, akaliweka chini ya mti, akamwaga maji pembeni mpaka udongo ukalainika. Kesho yake wageni walishuka. Shorewanda walioga ndani ya karai, hua wakanywa, na mbayuwayu wakachota tope karibu kabisa na dirisha. Kuku nao walikuja, wakanywa maji hayo hayo, wakachakura tope hilo hilo.

Tatizo lilikuwa moja. Chiriku alipolikaribia karai kuliosha, ndege wote waliruka, na siku moja mbayuwayu hawakurudi mpaka alasiri. Basi akaacha kuosha. Akawa anaongeza maji mapya juu ya yale ya zamani, harakaharaka, kisha anakimbilia dirishani. Jioni alilirudisha karai chini ya paa kabla Shangazi, ambaye goti lilikuwa linamsumbua, hajashuka ngazi kwenda kufunga banda.

"Karai?" Shangazi aliuliza kila asubuhi.

"Tayari," alijibu Chiriku.

Mara ya kwanza alilitamka neno hilo akiangalia pembeni. Baadaye likawa linatoka lenyewe.

Katika siku hizo hizo, Shangazi aliazima jogoo kwa jirani, mzee fundi saa, ili apate mayai ya kuatamia. Jogoo huyo aliwika wakati wowote uliompendeza: adhuhuri, magharibi, hata watu wanapokula. Mtaa mzima ulicheka kwamba jogoo wa fundi saa ndiye pekee asiyejua saa. Wakambandika jina la Saa Mbovu.

Haukupita muda, Bibi Harusi akaacha kula. Alisimama pembeni, mabawa yameshuka, macho yamefumba, na kinyesi chake kilikuwa majimaji ya kijani. Kesho yake wenzake nao walijikunyata. Asubuhi iliyofuata tetea mmoja alikutwa amekufa mlangoni mwa banda. Shangazi alimwinua kwa mikono miwili, akamfunika kwa kanga yake ya zamani. Kisha akajikokota hadi kwenye ua uliowatenganisha na jirani.

"Fundi, huyu jogoo wako alikuwa mzima kweli?"

Mzee alitoka na kioo chake cha kutazamia saa bado kimebanwa jichoni. "Mzima kabisa, mama. Hajawahi kuugua hata mafua."

"Wangu pia hawakuwahi kuugua, mpaka alipoingia yeye. Ungeniambia tu. Mimi nisingekasirika."

"Nikuambie nini na sina nijualo?"

"Basi, mchukue. Na tangu leo kila mtu abaki na vyake."

Mzee alikivua kile kioo polepole. Akampokea Saa Mbovu, akamweka kwapani, akaingia ndani. Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya Shangazi na mkoba wake wa shule. Alilitazama karai chini ya mti, ambalo hakuna mwingine aliyelitupia jicho. Alitaka kusema. Badala yake alisema, "Nachelewa shule."

Darasani alikaa na mjukuu wa fundi saa, ambaye wenzake walimwita Dakika kwa sababu ukimwita kwa jambo lolote alijibu "dakika moja". Siku hiyo Dakika alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi.

"Mbona umenikimbia?" Chiriku aliuliza.

"Shangazi yako si amesema kila mtu abaki na vyake? Na mimi nimebaki na benchi langu."

"Hakusema kuhusu mabenchi."

Dakika hakucheka. "Babu hakunywa chai. Anasema leo jioni atamchinja Saa Mbovu na kumzika, asije akaambukiza mtaa mzima. Yule jogoo nimemlea mimi, Chiriku. Unajua hilo."

Chiriku alijua. Siku nzima hakuongea, hata mwalimu akamuuliza kama anaumwa jino.

Aliporudi nyumbani alimkuta daktari wa mifugo uani, mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira na glavu. Alikuwa amempakata Bibi Harusi, anamfungua mdomo na kumtazama chini ya mabawa.

"Mama, kinyesi hiki kinaweza kuwa na maana mbili," daktari alimwambia Shangazi. "Ikiwa ni kideri, ule ugonjwa wa kuku unaosambaa upesi, hakuna dawa. Itabidi waliobaki wote waondolewe, na kuku wa majirani wafungiwe. Lakini ikiwa ni ugonjwa wa tumbo wa uchafu, dawa ninayo hapa mkobani. Nitapeleka kinyesi kipimwe, ila majibu hayaji leo, na hawa hawawezi kungoja. Kwa hiyo nahitaji kujua mambo yalivyokuwa. Kuna mgeni aliyeingia humu?"

Aliposikia neno "mgeni", Chiriku aliinua macho juu ya paa. Mbayuwayu mmoja alikuwa anabandika tope.

"Jogoo wa jirani tu," alisema Shangazi.

"Na maji? Karai huoshwa?"

"Kila asubuhi. Kazi ya mtoto huyu, na kwa hilo sina la kumlaumu. Si ndiyo, Chiriku?"

Chiriku alikuwa bado anamtazama yule mbayuwayu.

"Leo umemeza ulimi?"

Kutoka upande wa pili wa ua ilisikika sauti ya kisu kikinolewa juu ya jiwe, taratibu, kwa mikono ya mtu asiyeipenda kazi yake. Na sauti ya Dakika, imejaa machozi: "Dakika moja, Babu. Dakika moja tu."

"Halikuwa tayari," alisema Chiriku.

"Nini hakikuwa tayari?"

"Karai, Shangazi. Sijaliosha tangu mbayuwayu waanze kujenga. Nililihamishia chini ya mti ili ndege waje. Wanaogea humo. Wanakunya humo. Jioni nalirudisha ili usione. Saa Mbovu hana kosa."

Daktari alikwenda hadi chini ya mti. Alipitisha kidole ndani ya karai, nacho kikatoka na utelezi wa kijani na unyoya mdogo. Akalikanyaga lile tope lililojaa vinyesi. Hakugomba. Alisema tu, "Hili ndilo nililokuwa nalitafuta."

Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Nilikuuliza kila siku."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mimi nikaenda kumsema vibaya mzee wa watu." Alisimama kwa taabu. "Twende."

Kwenye ua, Chiriku alitangulia kuita. "Babu, subiri. Weka kisu chini, tafadhali."

Akaeleza yote tena, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Dakika alikuwa anamtazama, amemkumbatia jogoo kifuani. Alipomaliza, Shangazi alisema, "Fundi, nimekukosea. Nilikuhukumu kabla ya kuchunguza nyumbani kwangu. Nisamehe."

Mzee alikitazama kisu chake kama kitu alichokiokota njiani. "Ajabu ni kwamba na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwona mgonjwa," alisema. "Tangu asubuhi namwangalia macho, naona yamelegea. Kumbe ni macho yangu." Akamgeukia mjukuu wake. "Mrudishe bandani. Na apunguze kelele, maana leo ameponea chupuchupu."

Dakika alimpita Chiriku bila kusema neno. Alisema siku kadhaa baadaye, na neno lenyewe lilikuwa, "Sogea, benchi ni letu wote."

Daktari aliwatenga wagonjwa, akachanganya dawa, akamwonyesha Chiriku kila hatua: karai lirudi chini ya paa na lisuguliwe kila siku; tope liparuliwe na mahali pake pamwagwe chokaa; mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa kuku.

"Na ndege, Daktari?" Chiriku aliuliza. "Niwafukuze?"

"Wamekukosea nini? Wao hunywa wanapokuta maji. Watazame utakavyo, ila wape chombo chao, mbali na kuku. Wanyama wa nyumbani na wa porini wakinywa pamoja, wanaambukizana."

Bibi Harusi alikufa siku iliyofuata. Chiriku alimchimbia shimo yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba, wala hakuna aliyemwambia aache kulia. Waliobaki walipona mmoja mmoja. Majibu yalipokuja, daktari alipiga simu kusema kwamba haikuwa kideri.

Chombo cha ndege kiliwekwa juu ya nguzo, upande wa pili wa nyumba, na ili kuwaona ilimbidi Chiriku achungulie akipinda shingo. Mbayuwayu hawakukitumia. Walirudi kuchota tope lao mbali, kama zamani, na kiota kikakamilika bila msaada wa mtu.

Asubuhi moja Chiriku alichelewa kuamka. Alikuwa bado anasugua, mikono imejaa mchanga, aliposikia sauti kutoka jikoni.

"Karai?"

Neno la zamani lilikuja ulimini lenyewe. Akalizuia.

"Bado, Shangazi."

Shangazi akatokea mlangoni, birika mkononi, akashuka ngazi moja, halafu nyingine, mpaka akafika uani.

"Mwanangu, hiyo 'bado' yako imenifaa kuliko 'tayari' zote ulizonipa kabla ya kuku kuugua," alisema. "Ukiniambia bado, najua la kufanya: nasubiri, au nakusaidia. Ukiniambia tayari na kumbe siyo, sijui lolote, hata naenda kumwonea jirani. Kukosea utakosea tu, hata mimi nakosea. Lakini useme mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Basi sugua vizuri. Chai itakungoja."

Ng'ambo ya ua, jua likiwa limeshapanda juu, Saa Mbovu aliwika kutangaza kumekucha.