Fremu za Fundi Makarius

Makarius alikuwa fundi baiskeli pale Mshangano, Songea. Hakuwa fundi wa kuziba pancha tu. Alinunua baiskeli zilizokufa, akanyoosha fremu, akatia gololi mpya, akapaka rangi. Kisha akaziuza chini ya bei ya dukani. Nyumba yake ilikula hapo.

Biashara huria ilipofika Songea, duka kubwa likafunguliwa mjini. Likatangaza: lete baiskeli kuukuu, upunguziwe bei ya mpya.

Mkewe, Benigna, akashtuka. "Baba Leo, hizo kuukuu wanazitakia nini?"

Makarius akacheka. "Waache wazoe takataka. Wananisafishia mji."

Laiti asingecheka! Lori la duka lilikuwa likizibeba kwenda kuyeyushwa. Kufika masika, ua wa Makarius ulikuwa mtupu. Akalazimika kuunda baiskeli kwa fremu mpya. Bei yake ikawa sawa na ya dukani.

Rupert, mteja wake wa miaka mingi, akaipapasa baiskeli moja. "Fundi, kwa bei hii si bora nikachukue ya dukani, bado ina nailoni zake?" Akaenda zake.

Makarius akamwendea jirani yao Notburga, muuza soda.

"Dada, lile duka limenimaliza kwa bei."

"Limekumaliza kwa fremu, kaka. Mimi nikikuuzia soda, chupa unaiacha hapa. Bila chupa tupu sipewi soda nyingine. Sasa wewe, fremu kuukuu ni kazi ambayo nusu imeshafanywa. Ndiyo iliyoshusha bei yako. Wewe ukaiita takataka."

"Mama Leo aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka."

"Haya, kacheke tena."

Kesho yake Makarius na Benigna wakapita mtaa wa Ruhuwiko nyumba kwa nyumba. "Ukileta kuukuu, hata iliyopinda, tunakupunguzia. Ukinunua kwetu, ikichoka irudishe kwetu. Hatukufichi kwamba imetengenezwa upya. Ikisumbua mapema, tunaitengeneza bure."

Polepole ua ukajaa. Bei ikashuka. Rupert akarudi, akanunua. Nyumba ikala tena.

Lakini fremu zilizopatikana sasa zilikuwa nyepesi. Siku moja akaja mkulima, Fulgence.

"Fundi, nabeba magunia mawili ya mahindi. Zile fremu nzito za zamani unazo?"

Makarius akashika spana, akainamia gurudumu. Benigna ndiye aliyejibu.

"Zilipita hapa juu ya lori, baba. Tukazipungia mkono."