Breki za Masunga na Kimea cha Harusi

Jumatatu asubuhi, Rhoda alikuwa akigeuza kimea cha ulezi mkekani, nyumbani kwake, mtaa wa Izia. Kilikuwa kimechipuka vizuri, chekundu, kinanukia. Mdogo wake Salome alikuwa anaolewa Jumamosi, kule chini bondeni. Kimea kikifika Jumatano, pombe ya harusi itawahi kuiva. Kikichelewa, wageni watakunywa maji.

Mara akasikia sauti barabarani. Kwaruu! Kwaruu!

Mumewe Masunga akaingia uani na pikapu. Aliinunua mwaka uliopita kwa kuuza ng'ombe sita, miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria na magari ya mitumba yakaanza kuonekana mjini. Kabla ya hapo walibeba mahindi kwa mkokoteni.

"Baba Nyanda, gari linasaga mawe?" Rhoda akauliza.

"Linadai grisi tu."

Masunga akaenda nyuma ya nyumba. Mkokoteni wa zamani ulikuwa bado pale, na kopo la grisi linaning'inia ubavuni. Kwa miaka kumi na miwili, kila mkokoteni ulipolia aliupaka, ukanyamaza. Akarudi na kopo, akapiga magoti kando ya gurudumu.

"Unapaka wapi?"

"Kwenye breki. Ndiko kunakolia."

"Kwani mkokoteni ulikuwa na breki?"

Masunga akafikiri. "Breki yake ilikuwa mimi, na kamba ya ng'ombe."

"Basi hiki ni kitu kingine. Ule mteremko wa kwenda bondeni una kona nyingi. Mimi sishuki na gari lililotibiwa kwa kopo. Kamwite Mzee Zenon kwanza."

Zenon alikuwa fundi. Alitengeneza magari ya shirika la umma miaka ishirini. Shirika lilipofungwa, akaanzisha gereji yake mtaa wa Katandala. Alifika na mfuko wa spana begani.

"Shikamoo, mzee," Rhoda akasema.

"Marahaba, mama. Nasikia kuna mgonjwa." Akaliona kopo. "Na hiyo ndiyo dawa?"

Masunga akalificha mgongoni.

"Masunga, ukishika jembe kwa mikono yenye mafuta, inakuwaje?"

"Linateleza."

"Breki nazo hufanya kazi kwa kubana. Ukizipaka grisi, hazibani. Mngefika bondeni kabla barabara haijafika." Rhoda akacheka. Zenon akamgeukia Masunga. "Sasa niambie. Inalia muda wote, au ukikanyaga breki tu?"

"Nikikanyaga tu."

"Ingelia muda wote, ningetazama beringi, au kijiwe kilichonasa. Ingelia mara moja asubuhi ikanyamaza, ningesema ni kutu ya umande. Endesha polepole hapa kwenye tambarare, ukanyage. Mama atembee kando asikilize."

Rhoda akatembea, kanga kaifunga kiunoni. Masunga akakanyaga.

"Ni huku," Rhoda akasema. "Mbele, kushoto."

Zenon akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akalegeza nati, akapiga jeki, akatoa gurudumu. Ndani mlikuwa na sahani ya chuma inayong'aa. "Hii ni diski. Na hivi vipande viwili vinavyoibana ni pedi." Akatoa pedi moja. Unene wake wote ulikuwa umelika, kimebaki chuma kitupu. "Chuma kinasaga chuma. Kabla ya hapo haikupiga mluzi?"

Masunga akatazama kwingine. Rhoda akajibu, "Ilipiga mwezi mzima. Yeye akawa anaimba kwa sauti asiusikie."

"Mluzi ule ni taarifa kwamba pedi zinakaribia kuisha. Pedi ikibaki nyembamba kama vijiti viwili vya kiberiti, ibadilishe."

Akapitisha ukucha kwenye diski. Ulinasa kwenye mfereji uliochimbwa na chuma cha pedi. Wakaipeleka karakana mjini ikachongwa iwe laini tena, maana bado ilikuwa nene. Zamani wangesubiri kibali cha spea miezi mitatu. Safari hii pedi walizipata dukani siku hiyo hiyo. Zenon akabadilisha za kushoto na za kulia pia, ili gari lisivutwe upande mmoja. Akatazama na mafuta ya breki kwenye kichupa chake.

"Kanyaga pedeli mara kadhaa kabla hujaondoka," akasema, "mpaka iwe ngumu."

Jumatano waliteremka kwa gia ndogo. Kwenye kona ya tatu kundi la mbuzi lilikata barabara. Masunga akakanyaga. Gari likasimama kimya, na gunia la kimea halikusogea. Rhoda akagundua kwamba muda wote alikuwa ameshika mlango. Akauachia.

Salome alitoka nyumbani akishangaa. "Dada, mmefikaje? Siku zote tunamsikia shemeji tangu kule juu."

Jumamosi pombe ilikuwa imeiva, nyekundu na nzito. Watu walikuwa wakicheza, mara pikapu ya mgeni mmoja ikaingia. Kwaruu! Mwenyewe akashuka. "Jamani, nani ana grisi?"

Masunga akaweka kibuyu chini, akajifuta midomo. "Ngoja kwanza, ndugu yangu. Inalia muda wote, au ukikanyaga tu?"

Rhoda akamtazama, akacheka mpaka akakaa chini.