Zulia Lisilotakata

Jioni hiyo nilitoka nyumbani na tableti ya mama kwapani, sindano zikiwa bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni langu. Fundi cherehani akiwa na hasira hakumbuki kuvua sindano, na mimi nilikuwa na hasira za kutosha mtaa mzima.

Mama alikuwa amepooza upande wa kulia. Hasemi, hainuki. Mkono wa kushoto tu ndio uliobaki na nguvu. Furaha yake ilikuwa moja, video za watu wanaofua mazulia. Usicheke. Zulia linaletwa limejaa tope, linamwagiwa maji, linasuguliwa mpaka maua yake yanatokea. Mama angeweza kuzitazama kutwa nzima. Shida ilikuwa matangazo. Zulia limekaribia kutakata, mara linachomoza jitu linapiga kelele kuhusu mafuta ya nywele. Mama anashtuka, mwili unaruka, machozi yanamtoka. Na daktari alishasema asishtuliwe, moyo wake hauhimili.

Ila matangazo hayo yalikuwa na kazi nyumbani kwetu, na mimi sikuiona. Nilikuwa nashona sebuleni. Nikisikia tangazo, naondoa miguu kwenye cherehani, naingia chumbani, nampa mama maji kwa kijiko, namgeuza ubavu asipate vidonda, narudi kushona. Hatukupanga hivyo. Tulizoea tu.

Fundi simu alikuwa na kibanda nyuma ya stendi. Watu walimwita Kisogo, maana alifanya kazi akiwa ameutazama ukuta, wateja wakiongea na kisogo chake. Kando yake palikuwa na pazia zito, na nyuma ya pazia mwanga wa buluu ulikuwa ukichezacheza. Nilisikia maji yakimwagika huko. Nikadhani ni televisheni.

"Fundi, matangazo haya yataniulia mama. Yatoe."

"Kuna njia ya kulipia kila mwezi," alisema bila kugeuka.

"Ningekuwa na hela hiyo ningekuja kwako?"

Alicheka kidogo. "Kuna programu za kuzuia. Hizo hufanya kazi siku chache, halafu zinagoma. Na ipo moja haigomi."

"Weka hiyo hiyo, kaka'angu. Unazunguka nini?"

"Nani ataangalia zaidi?"

"Mama yangu. Yupo kitandani, haendi popote."

"Haendi popote," alirudia polepole.

Alibonyeza hiki na kile, kisha akanirudishia tableti kwa mkono uliopita juu ya bega lake. Kwenye kioo palikuwa na maandishi mengi madogo, na chini yake neno moja. Ruhusu.

"Bonyeza mwenyewe," alisema. "Hapo mimi sigusi."

Nikabonyeza. Yakaja mengine, nikabonyeza tena, na tena. Sikusoma hata mstari. Nani husoma?

Nyumbani niliiweka tableti juu ya stuli mbele ya mama, nikawasha pasi sebuleni ninyooshe sare za mteja, nikaiacha mezani juu ya sare zenyewe, nikarudi kuhakikisha kama kweli matangazo yametoka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Kidogo tu, nilijiambia.

Video ilikuwa ngeni. Chumba chenye sakafu ya saruji. Mwanamke amepiga magoti, ametugeuzia mgongo, anasugua zulia lililokuwa jeusi kwa tope. Brashi ilikuwa ikilia kwacha... kwacha... kwacha... Maji machafu yalitiririka, akamwaga mengine. Mama alitabasamu kwa nusu ile ya mdomo iliyobaki hai. Nikafurahi.

Tangazo halikuja.

Kwacha... kwacha...

Dirisha likawa jeusi. Nilijua natakiwa kuinuka, lakini kila nilipotaka, kona moja ya zulia ilikuwa inaanza kutakata, nikasema acha nione hiyo. Midomo ya mama ilikauka. Niliiona kwa pembe ya jicho ikichanika katikati. Kikombe cha maji kilikuwa pale pale, jirani na goti langu. Nikauambia mkono wangu ukichukue.

Mkono haukusogea.

Nikauambia tena. Nikaiambia miguu, nikaiambia shingo igeuke, hata macho yafumbe tu. Nilikuwa ndani ya mwili wangu kama mtu aliyefungiwa chooni na kitasa kimevunjika. Mama alianza kukoroma kwa kiu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipapasa shuka, ukinitafuta.

Sasa zulia lilianza kuonyesha nakshi zake. Hayakuwa maua. Brashi ilipita, kikatokea kitanda. Ikapita tena, ikatokea stuli. Ikapita tena... mwanamke mzee amelala, na mwingine amekaa ukingoni, sindano zinang'aa kwenye kola.

Yule mwanamke hakugeuka. Alinong'ona tu, na sauti haikutoka kwenye tableti. Ilitoka nyuma ya sikio langu.

"Kaeni. Hapa hakuna wa kutukatisha."

Nikasikia harufu ya uvundo, ya majimaji, kama tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo. Halafu ikaja harufu nyingine, na hii niliijua.

Kitambaa kinaungua.

Pasi!

Moshi uliingia kupitia chini ya mlango. Nililia ndani kwa ndani, maana hata machozi yaligoma kutoka. Niliwaza kwamba mama ataungua akiwa hai, akiniona nimekaa kando yake nikitazama zulia. Nimewahi kuogopa mambo mengi maishani. Sikuwahi kuogopa hivyo.

Kisha mkono wa kushoto wa mama ukanipata. Ulinishika shavu, mkavu, wa moto, ukausukuma uso wangu kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi. Shingo ikalia. Nikaona ukuta.

Na mama yangu, ambaye tangu apooze hakuwa ametamka neno, alisema:

"Nenda. Nitaangalia mimi."

Nilianguka sakafuni, miguu ikanirudia. Nilikimbia nikaing'oa pasi, nikamwaga ndoo ya maji juu ya meza. Sare zilikuwa zimeshika moto, mto wa kiti pia. Nilipouzima nilikaa chini kwenye maji yale, nikalia kwa sauti. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usiku huo nilielewa maana yake, na sikutaka kuielewa.

Nilirudi chumbani nimeyafumba macho, nikaitupia tableti shuka. Brashi ikanyamaza. Na pumzi ya mama nayo ikanyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo nikisubiri kifua kiinuke. Hakikuinuka. Nikalivuta shuka, nikiwa nimegeukia ukuta.

Kwacha... kwacha... Mama akavuta pumzi.

Kulipopambazuka nilikwenda kwa Kisogo nikiwa nimebeba mkasi. Sijui nilitaka kufanya nao nini. Alikuwa vile vile, anautazama ukuta.

"Kaka yangu yupo nyuma ya pazia," alisema kabla sijafungua mdomo. "Usiangalie. Aliyenaswa kwanza nilikuwa mimi, akaniondoa. Kama wewe ulivyoondolewa, la sivyo usingekuja hapa."

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Sijui, dada. Nadhani naye aliachwa peke yake akiangalia kitu. Sijui zaidi ya hapo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungebonyeza?"

Nikauinua mkasi. Kisogo chake hakikutikisika. Mabega ndiyo yalianza kutetemeka.

"Mwanamke huyo akipata mgeni mwingine, humwachia wa zamani kidogo," alisema. "Jana, ulipobonyeza, kaka alifumba macho. Alilala. Alikoroma, dada, nikakaa hapa nikimsikiliza akikoroma."

Nilitaka kumtemea mate. Nilifungua mdomo kumlaani yeye na ukoo wake. Badala yake nikajisikia nauliza kwa sauti ndogo:

"Alilala muda mrefu?"

Sasa namtunza mama kinyumenyume. Naingia chumbani nikitanguliza mgongo, naupapasa mdomo wake kwa vidole, namnywesha. Namgeuza ubavu nikiwa nimefumba macho. Yeye hafumbi yake. Namtilia matone ya maji machoni, nayasikia yakimtiririka mashavuni, sijui ni maji au ni nini. Nikichoka, uso wangu huanza kugeuka wenyewe kuelekea ule mwanga, na kila mara mkono wake huusukuma urudi. Lakini siku hizi unasukuma taratibu sana. Unachoka. Mama yangu anachoka, na mimi siwezi hata kumfunika macho alale.

Jana jioni jirani wa mlango wa pili alibisha hodi. Ni mwanamke mkarimu, anayecheka kabla ya kusema, na ndiye aliyenisaidia kumbeba mama siku alipoanguka.

"Shoga, kwenu siku hizi sisikii kelele za matangazo, maji tu yanamwagika. Mmefanyaje? Baba mkwe wangu akitazama ndondi zake, likija tangazo anatukana mpaka watoto wanajifunza."

Nilitaka kumwambia aende zake. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Kutoka chumbani, mama aligonga ubao wa kitanda. Akagonga tena, kwa nguvu yote iliyobaki kwenye mkono ule. Alikuwa ananikataza. Namjua mama yangu.

"Mgonjwa anaita," jirani alisema.

"Anataka kulala tu," nikamjibu. "Hebu chukua simu ya baba mkwe wako, nikuelekeze kwa fundi."

Nikaurudisha mkono nyuma, bila kugeuka, nikakipapasa kitasa cha mlango wa mama, nikaufunga.