Picha ya Mama Fuatino

Habari hii nilisimuliwa na Malaea mwenyewe, mwaka juzi wakati wa likizo ya Pasaka, tulipokuwa tumeketi kibarazani tukikwangua majani ya kusukia mikeka. Mambo haya yalimpata akiwa na miaka kumi na miwili, siku zile alipokuwa akiishi mjini Apia kwa shangazi yake, Vaosa.

Shangazi Vaosa alikuwa na duka la kuchapa picha nyuma ya soko la samaki. Kila siku Malaea akitoka shule alipitia hapo, akafagia, akala magimbi yaliyobaki asubuhi, kisha akakaa pembeni na madaftari yake. Chumba cha kazi kilikuwa na kuta za kijivu na pazia zito dirishani. Hata nguo za Shangazi zilikuwa za kijivu, kwa sababu shati jekundu hutupa wekundu wake kwenye kioo cha kompyuta, na jicho likadanganyika. Wauza samaki walimtania kila walipomwona akifungua mlango.

"Vaosa, leo tena umefiwa na nani?"

"Na huyo samaki wako," alijibu. "Tangu juzi nasikia harufu ya maiti."

Kila Jumatatu alifunga pazia, akatundika mbele ya kioo kifaa kidogo cheusi, ukubwa wa andazi. Kioo kikaonyesha nyekundu, kijani, buluu, kijivu, na kifaa kikazisoma rangi hizo moja moja, mpaka kioo kikarekebishwa na kusema kweli. Baada ya hapo alibandika utepe wa gundi juu ya vitufe vilivyo chini ya kioo. Hakuna aliyeruhusiwa kuubandua.

Jumatano moja Shangazi alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Malaea akabaki peke yake, na kulikuwa na mechi ya raga, akaiwasha kwenye kompyuta. Alifungua pazia apate hewa. Jua likapiga kwenye kioo, wachezaji wakawa vivuli tu. Basi akaubandua utepe, akapandisha mwangaza hadi mwisho, akabonyeza hiki na kile, kioo kikang'aa kama bati jipya. Mechi ilipokwisha alijaribu kurudisha kama mwanzo, hakukumbuka mwanzo ulikuwa wapi. Akaubandika utepe vizuri, akaulainisha kwa kidole, akatoka kufagia mbele ya duka.

Alhamisi ikaja kazi ya Mama Fuatino.

Mama huyo alikuwa ameimbisha kwaya ya kijiji chake miaka arobaini, na hakupenda kupigwa picha. Alipofariki, watoto wake walipata picha moja tu ya kufaa, aliyopigwa na mjukuu kwa simu: amevaa gauni jeupe la kanisani, anacheka. Walitaka ichapwe kubwa, kwenye kitambaa kigumu, isimame kando ya jeneza. Dukani kilibaki kipande kimoja tu cha kitambaa hicho. Kingine kilikuwa melini, na meli ilitarajiwa wiki ya pili yake.

Ijumaa saa tisa alasiri, Tavita na dada yake Losa walifika kuichukua. Mwili ulikuwa unarudishwa nyumbani jioni hiyo. Ilibidi waondoke Apia kabla ya saa kumi na nusu, kwani kengele ya sala ya jioni ikishalia, hakuna gari linaloruhusiwa kupita kijijini kwao.

Shangazi alikuwa ameshaurekebisha uso kiooni; sasa alichapa kwanza kipande kidogo cha majaribio kwenye karatasi. Losa alikichukua, akakitazama, akakirudisha mezani kifudifudi.

"Huyu si mama yangu," alisema. "Huyu amepakwa masizi."

"Losa!" Tavita alimkemea.

"Losa nini, kaka? Tazama mwenyewe! Macho yako wapi?"

Kweli, uso ulikuwa giza tupu. Shangazi aliinua karatasi kando ya kioo. Kwenye kioo Mama Fuatino alikuwa na gauni jeupe, shavu la kahawia linang'aa. Kwenye karatasi alikuwa mtu mwingine.

"Malaea," Shangazi aliita bila kugeuka. "Kuna mtu aligusa kioo hiki?"

Malaea aliinua macho kutoka kwenye daftari. Watu wawili wazima walikuwa wakimtazama.

"Hapana, Shangazi."

"Basi ni printa," Shangazi alisema, akakunja mikono ya gauni lake.

Aliifungua printa, akavisafisha vichwa vyake vya wino, akachapa tena. Giza. Akabadilisha wino mweusi, akachapa. Giza lile lile. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Ndugu wale walitoka nje, Tavita akatembea huku na huku, kila mara akitazama saa. Malaea aliandika hesabu moja mara tatu, na mara zote tatu akakosa.

Saa tisa na nusu ilipita. Losa aliingia, kaka yake nyuma yake.

"Dada Vaosa, sisi hatuwezi kulala njiani. Chapa hivyo hivyo, au tupe simu yetu yenye picha tuondoke."

Shangazi alishusha pumzi. "Nitaiongezea nuru kwa kukisia, nichape. Ikiharibika, sina kitambaa kingine. Mnakubali?"

Ndugu wale walitazamana. Tavita akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kukatwa kidole.

Shangazi alikibeba kitambaa kwa mikono miwili, akaanza kukiingiza kwenye printa. Ncha yake ilikuwa imeshamezwa kiasi cha kiganja.

"Usichape!" Malaea alipiga kelele. Hakujua sauti ilitoka wapi. "Ni mimi! Niligusa kioo. Jumatano. Nilitazama raga, nikaongeza mwangaza, nikabandika utepe tena."

Losa na Tavita walimgeukia.

Shangazi hakumpiga wala hakumgombeza. Alikitoa kitambaa polepole, akakilaza mezani. "Funga pazia," alisema. "Lete kile kifaa cha kupimia."

"Dada Vaosa, muda!" Losa alilia.

"Nikikimbia nitaharibu. Nipe robo saa."

Kifaa kikatundikwa. Nyekundu. Kijani. Buluu. Malaea alihesabu kila rangi, na kila moja ilikaa kama mwaka. Hatimaye Shangazi aliirudisha picha kwenye kioo, na wote wakashtuka: Mama Fuatino alikuwa giza pale pale kiooni, kama kwenye karatasi.

"Printa ilisema kweli tangu mwanzo," Shangazi alisema. "Kioo kilikuwa kinang'aa mno, nami nikawa nautia uso giza nikidhani nauweka sawa. Jicho huzoea uongo upesi sana."

Akaurekebisha uso taratibu, shavu, paji, macho. Akachapa kipande kidogo. Losa alikishika, akakisogeza karibu na macho.

"Ndiye," alisema.

Kitambaa kilitoka kwenye printa saa kumi na dakika ishirini na tano. Kabla hawajaondoka, Shangazi alimsukuma Malaea mbele yao.

"Samahani, Baba Tavita," Malaea alisema akitazama vidole vya miguu yake. "Samahani, Mama Losa."

"Ungesema saa tisa," Tavita alimjibu, "saa hizi ningekuwa nimeshakunywa chai vikombe viwili." Lakini alimgusa kichwa. Losa alipita na picha yake kifuani, akapanda gari.

Jioni hiyo, baada ya sala na chakula, Shangazi alimwita Malaea akae naye mkekani.

"Kucheza na kioo ni kosa la mtoto," alimwambia. "Ningekisahihisha kwa robo saa. Lakini nilikuuliza, ukasema hapana. Kuanzia hapo nikawa naosha mashine isiyo na uchafu, na wafiwa wanalia nje ya mlango wangu. Mwanangu, ukiharibu kitu ambacho mwenzako anakitegemea, mwambie kabla hajakitumia. Aibu yake ni ya dakika moja. Ukinyamaza, anayeumia ni yule anayekuamini."

"Utaniacha nije tena dukani?"

"Jumatatu wewe ndiye utakayekipima kioo. Mimi nitasimama nyuma yako."

Simu ikalia. Alikuwa Losa. Walifika kabla ya kengele. Mjukuu mdogo wa Mama Fuatino, alisema, aliiendea picha moja kwa moja akaishika shavu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa. "Mwambie yule mtoto wako," akamalizia, "ya leo yamekwisha."

Shangazi alimpa salamu hizo, akajinyoosha, na punde akaanza kukoroma. Malaea alibaki macho kidogo, akiisikiliza mvua ikianza juu ya paa. Kisha naye akalala.