Ulimi wa Faki

Donati yenyewe haikuwa na kitu. Ilikuwa pete ya povu jeupe, isiyo na sukari, mafuta wala unga, na katika mkahawa ule wa Busan watu walipanga foleni hadi barabarani ili waitafune. Utamu ulitoka kwenye kionjishi, utando mwembamba uliobandikwa juu ya ulimi, ambao ulipokea ladha kutoka kwenye ulimi wa mtu mwingine aliyekuwa akila donati ya kweli. Mteja alipata raha yote bila kunenepa hata kidogo.

Rukaya Mndeme hakuhitaji kuelezwa. Kionjishi alikibuni yeye, katika maabara yake Morogoro, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ambao mionzi iliua ndimi zao. Mke alikula pilau, na mume aliyelala kitandani akaionja. Basi. Sasa alikuwa amekuja Korea kwenye mkutano wa kitabibu, akaona picha ya utando wake kwenye dirisha la mkahawa, akaingia akiwa amekunja uso.

Akabandika utando, akatafuna povu. Utamu ulikuja: maziwa, mdalasini, sukari iliyoungua kidogo. Kisha chini yake kikaja kitu kingine. Kiu kali isiyokatika, kichefuchefu, na ladha ya matunda yaliyooza ikimpanda kooni.

Vijana wa meza ya jirani walikuwa wakicheka na kujipiga picha, kana kwamba hiyo nayo ni sehemu ya kionjo. Rukaya aliijua ladha ile. Ni ya mtu ambaye sukari imemzidi mwilini hadi imegeuka sumu.

"Nani anaonja?" alimuuliza meneja, Bwana Noh, kijana nadhifu aliyevaa kitafsiri shingoni.

"Waonjaji wetu wanatunzwa vizuri, mama," kitafsiri kikajibu kwa Kiswahili safi.

"Sikukuuliza wanatunzwaje. Yuko wapi?"

"Hiyo ni siri ya biashara."

"Kidude hiki nimekitengeneza mimi!" Rukaya akapiga kaunta kwa kiganja. "Kuna mtu anakufa, na nyinyi mnamtafuna!"

Meneja akawageukia wateja na kuwaomba radhi. Rukaya hakumngoja. Nyuma ya kaunta palikuwa na ngazi, akapanda.

Juu kulikuwa na chumba kidogo chenye kiti, sinia la donati na sinki. Kitini aliketi mwanamume mwenye nyaya chini ya taya. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kidole kimoja kilikuwa cheusi.

"Ya Rabi," alinong'ona alipomwona. "Mswahili?"

"Wa Morogoro. Na wewe?"

"Faki Makame, wa Micheweni. Nilikuwa baharia, meli ikaniacha hapa."

"Faki, acha kula. Miguu inakuuma?"

"Ilikuwa ikiuma, dada. Siku hizi siisikii kabisa."

Rukaya aliinama akakitazama kile kidole cheusi. "Unaumwa vibaya. Ukibaki kwenye kiti hiki utakufa."

Bwana Noh akaingia akihema. "Wateja wanasubiri," kitafsiri kikasema. "Mwambie ale."

Faki akanyoosha mkono hadi kwenye sinki, akachukua kipande cha sabuni, akakiuma. Akakitafuna taratibu, macho hayabanduki usoni mwa Bwana Noh.

Chini kelele zikalipuka. Viti vilianguka, watu wakatema na kulaani. Utando wa Rukaya ulikuwa bado ulimini, na ukali wa sabuni ukamjaa kinywani hadi machozi yakamtoka. Hakuubandua.

Faki akatema, akasukutua kinywa, akazing'oa nyaya. "Haya, nipeleke hospitali."

Walishuka, yeye amemwegemea Rukaya begani. Katikati ya ngazi akasimama.

"Nilikusikia ukigomba kule chini. Ni kweli kidude hiki umekitengeneza wewe?"

"Ni kweli."

Faki akautoa mkono wake begani. Akashika ukuta, akatangulia, akikitafuta kila kidato kwa miguu isiyohisi. Rukaya alimfuata mikono ikiwa tayari kumdaka, asithubutu kumgusa.