Duara Lililoingia Ubavuni

Wingu zito lilipofika juu ya jiji la Ilondo, mnara wa kuvuna radi uliliita, nalo likaitika. Radi ilishuka nyeupe, ikapita kwenye kichwa cha shaba, ikazama ndani ya maghala ya umeme yaliyochimbwa chini ya mlima. Kwa radi hiyo moja jiji lingepika, lingeoga maji ya moto na kuendesha magari yasiyo na dereva kwa juma zima. Wageni walipiga mayowe. Wenyeji wala hawakuinua macho.

Lakini radi haiji peke yake. Ina matawi, na matawi hayo huanguka ovyo popote ndani ya duara linaloizunguka. Wingu likiwa kubwa, duara hupanuka. Wingu likiwa dogo, husinyaa. Ndiyo maana Ilondo iligawanywa miraba, kila mraba na king'ora chake. Wingu lilipokaribia, bongomashine ya kituo cha mnara ilikokotoa ni miraba ipi itaguswa na duara, hata kama ni kipande tu. King'ora kikilia, watu walikimbilia vibanda vya chuma. Kisipolia, mtu aliendelea kupalilia viazi vyake bila wasiwasi.

Hesabu hiyo aliiandika Mhandisi Subilaga, binti wa hapohapo Ilondo. Ilikuwa fupi na safi, wakubwa wake wakaisifu: angalia pembe nne za mraba, ikiwa hata pembe moja imo ndani ya duara, piga king'ora. Basi. Miaka ikapita bila mtu kudhurika, mpaka watu wakawa wanaapa kwa mashine kama walivyokuwa wakiapa kwa mama zao.

Kisha radi ikampiga na kumuua Ipyana, mkulima mmoja, shambani kwake, mchana kweupe, na king'ora hakikulia.

Kituo kilimtuma Subilaga msibani apeleke rambirambi na aseme neno. Alilisema amesimama uani, mbele ya turubai lililojaa watu, kwa uhakika wa mtu aliyesoma. "Poleni sana wafiwa. Ila mjue, radi ile haikuwa ya kwetu. Mraba huu haukuguswa."

Masikini, hakujua amewasha moto gani. Ilondo, radi isiyo ya mnara ina jina moja tu: radi ya kutumwa. Na radi ya kutumwa lazima iwe na mtumaji. Macho yote yakamgeukia Bi Sekela, mjane mkongwe wa nyumba ya jirani, aliyekuwa amegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba.

"Si mmemsikia mhandisi kwa masikio yenu?" alisema Mzee Asegelile, baba mdogo wa marehemu. "Mashine haikosei, na mashine imesema si yake. Haya, ni ya nani?"

"Jamani, mimi hata kuku wangu hawanisikii," alisema Bi Sekela. "Radi nitaitumaje?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Asegelile akatamka kwamba jua la kesho lisimkute mtaani hapo, na nyumba yake ibomolewe. Vijana wakaanza kutoa godoro lake nje.

Subilaga alikuwa amekaribishwa sebuleni, amekaa mkekani na sahani ya ndizi mbele yake. Alisikia kelele, akataka kutoka awaambie waache ushirikina. Akaisogeza sahani pembeni, kwenye sakafu ya marumaru, na jicho lake likaganda hapo. Sahani ilikuwa imefunika vigae kadhaa. Lakini kwa upande mmoja ukingo wake wa mviringo ulikuwa umevuka mstari kidogo, ukaingia kwenye kigae cha jirani katikati ya ubavu. Pembe zote nne za kigae kile zilikuwa wazi. Na bado sahani ilikuwa imekigusa.

Alifungua kioo chake cha mkononi, akaomba kituo duara la siku ile. Likatokea, na mraba wa kina Ipyana ukatokea kando yake. Pembe nne nje. Duara lilikuwa limeingia ubavuni, kipande chembamba tu, na katika kipande hicho ndimo lilimokuwa shamba la viazi.

Angeweza kunyamaza. Hakuna hata mmoja pale uani ambaye angegundua, na kituo kingefurahi. Nje mtu akavunja dirisha la Bi Sekela, kikongwe akalia kwa sauti nyembamba, na Subilaga akajikuta amesimama na sahani mkononi.

"Acheni!" alipiga kelele. "Muacheni mama wa watu! Ni yetu. Radi ile ilikuwa yetu."

"Unamtetea mchawi?" alifoka Mzee Asegelile.

"Mzee, njoo uone." Akaiweka sahani sakafuni, mlangoni, ikigusa kigae ubavuni bila kufika pembe, wote waone. "Mashine niliifundisha kuangalia pembe za mraba. Ubavu sikuifundisha. Haikukosea, ilitii nilivyoiambia. Mimi ndiye niliyekosea."

Watu waliinama mmoja mmoja, wakatazama kigae, wakarudi nyuma. Vijana wakaliweka godoro chini.

Ndipo Mama Ipyana, mzazi wa marehemu, akanyanyuka kati ya wanawake, akashikwa mkono mpaka mlangoni. Aliitazama sahani.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesema radi si yenu?"

"Ni mimi, mama."

"Na kumbe ni yenu."

"Ni yetu, mama."

"Mnaiita kutoka mbinguni, mnaiambia ishukie wapi."

"Ndiyo, mama."

Mama Ipyana akatikisa kichwa. "Basi wenzangu hawakusema uongo. Ilitumwa. Walikosea jina tu."

Subilaga alikuwa na majibu. Angeweza kusema kwamba hakukusudia, kwamba hesabu ile imeokoa mamia, kwamba kesho ataisahihisha. Yote yalikuwa kweli. Akapiga magoti palepale mlangoni.

"Ndiyo, mama," alisema. "Niliituma mimi."