Mwanga Usiorudi Nyuma

"Wanunuzi wanaegesha gari uani," sauti ilisema sikioni. "Una dakika nne."

"Na dada yangu?"

"Agizo ni kioo, Nyigu. Kioo kwanza."

Nyigu alipanda ngazi tatutatu, bastola ya Glock mkononi. Mlinzi wa ghorofa ya tano alifungua kinywa kuuliza.

Hakumaliza swali.

Mlango wa ghorofa ya sita ulikubali teke la pili. Ilikuwa karakana ya kusaga lenzi. Jua la adhuhuri madirishani, vumbi la kioo juu ya kila kitu. Dada yake, mtaalamu aliyekibuni kioo chenyewe, alikuwa amefungwa kitini kwa waya. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimegeuzwa upande usio wao. Nyuma yake alisimama mlanguzi waliyemwita Fundi Lenzi, bastola kwenye shingo ya mateka.

Kioo kilikuwa mezani: kibamba cha ukubwa wa kiganja, chenye matundu madogo maelfu. Mwale wa leza uliingia pembeni, na mwanga wake mwekundu ukakimbia ukingoni tu. Katikati giza. Pale mwanga ulipotokea upande wa pili, mshale wa kipimo ulisimama kwenye asilimia tisini. Kombora lenye kioo kile halipotezwi njia na mtu.

Kando yake kulikuwa na simu, spika wazi. Wanunuzi walikuwa wakisikiliza.

"Weka silaha chini, binti. Au nimalizie vidole?"

"Huyu hana haraka," dada alisema. "Anavunja kama anachambua mboga."

"Nyamaza!"

"Mdogo wangu, kipige kioo."

Fundi Lenzi alicheka. "Jasho la dada yako la miaka kumi? Huthubutu."

Nyigu alifyatua.

Kona nzima ya kioo iliruka.

Fundi Lenzi alipiga yowe. Miaka ishirini alikuwa amesaga lenzi, na lenzi ikipata mkwaruzo mmoja tu, hutupwa. Alimwacha mateka, akairukia meza.

"Kimevunjika! Mama yangu, kimevunjika!"

Risasi ya pili ilimpata gotini.

"Tunapanda," simu ilisema, ikakatika.

"Tazama mshale, mpumbavu," dada alisema.

Tisini.

Mwanga ulikuwa umefika penye jeraha, ukaufuata ukingo mpya, ukasonga mbele. Haukurudi nyuma. Haukuwa na njia ya kurudi.

"Ukikata kona, unaupa ukingo mwingine wa kupita. Ungeangalia kipimo, ungekuwa bado umenishika shingo."

Nyigu aliipiga teke bastola iliyomponyoka Fundi Lenzi hadi uvunguni, akakata waya, akakitia kioo mfukoni.

"Kiacheni wakione!" Fundi Lenzi alilia. "Waambieni kinafanya kazi!"

"Waambie wewe," Nyigu alisema. "Si unajua kuongea?"

"Hawataniamini!"

"Najua."

Redio ya sikioni ilikoroma. "Tuwazuie hapa chini?"

"Waache wapande," Nyigu alisema. "Wana mazungumzo. Wakishuka, wachukueni."

Alimshika dada yake kiuno, wakateremka ngazi polepole. Nyuma ya ukuta lifti iliwapita, ikipanda.

Walipofika ghorofa ya pili, yowe liliteremka kutoka juu. Kisha jingine, refu zaidi.

Dada alisimama.

"Umechoka? Nikubebe?"

"Hapana. Nataka tu kusikia."

Nyigu aliegemea ukuta, akatazama saa yake, akampa dakika nzima. Kisha wakatoka juani.